Mbao ya Dirishani

Mamangu hatupi karatasi. Ana juala moja la nailoni, aina ile ambayo tangu 2017 inaweza kukupeleka kortini, na ndani yake amehifadhi afya yote ya familia yetu: kadi za kliniki zilizoliwa pembe, vitabu vya hospitali, yaani yale madaftari unayonunua nje ya geti kabla ya kumwona daktari, na risiti. Risiti nyingi. Desemba iliyopita nilikuwa namtafutia stakabadhi za shamba nikakutana na moja ndogo, wino umefifia ukawa rangi ya chai. Februari 1990. Shilingi 10. Karani alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba ni za kujiandikisha.

"Hii ilikuwa ya nini, Mama?"

"Ya sikio la kakako," akasema. Akaichukua, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akairudisha ndani.

Tumezoea kusimuliwa historia ya afya ya nchi hii kupitia madaktari, chanjo, majengo na marais wanaokata utepe. Mimi siku hiyo nilianza kuifikiria kupitia dirisha. Unalijua. Lina kioo, kioo kina tundu, nyuma yake kuna mtu aliyechoka, na kabla ya kuulizwa unaumwa wapi unaulizwa kama umelipa. Bei iliyotajwa hapo, hata ikiwa ashu, hata ikiwa mbao, imeamua mambo makubwa kuliko tunavyokiri.

Wakoloni hawakuficha kwamba mwili wa Mwafrika uliwahusu pale walipouhitaji. Ukienda Kariokor kula nyama choma, kumbuka kwamba jina hilo ni Carrier Corps lililotafunwa na midomo yetu: jeshi la wapagazi lililobebea Waingereza chakula na risasi katika vita vya kwanza vya dunia dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Mwaka wa 1917 vijana walikusanywa kwa maelfu, na madaktari wa serikali walipowapima wakakuta wengi hawafai, wamekonda, wana vidonda, wana minyoo. Hata hivyo waliobaki walipelekwa. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa ilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa zaidi. Risasi hazikuua wengi. Waliouawa na kuhara damu, malaria na nimonia ndio waliojaza makaburi, kama wenyewe walipata kaburi.

Miaka hiyohiyo Mwafrika alikuwa analipa kodi ya nyumba, na kodi hiyo ndiyo iliyosaidia kujenga hospitali ambazo wodi nzuri hazikuwa zake. Na akiugua, alilipa tena dirishani. Kwa hivyo uhuru ulipokuja, watu walikuwa na deni la kudai.

Walidai, na kwa muda wakalipwa. Mwaka wa 1965 serikali ya Kenyatta ilitoa ile Sessional Paper Nambari 10, waraka uliohusishwa sana na Tom Mboya, na kwa kila mtoto aliyesoma shule ya msingi tangu hapo ukaacha wimbo mmoja wa maadui watatu: umaskini, ujinga na magonjwa. Mwaka huohuo ada zikaondolewa katika vituo vya afya vya serikali. Ungeingia, ungetibiwa, ungetoka. Gharama ingebebwa na kodi.

Sitaki kupaka rangi enzi hiyo. Hospitali ilikuwa pia zawadi ya mkubwa, na zawadi ina masharti. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo wenyeji wanaiita Russia hadi leo. Yeye na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi. Watu walikufa, watoto wakiwemo, siku ya kufungua hospitali. Kuna wazee wa Kisumu ambao hawawezi kupita lile lango bila kukumbuka.

Lakini pamoja na hayo, mambo yalikuwa yakienda mbele. Wakati wa uhuru Mkenya wa kawaida alitarajiwa kuishi chini kidogo ya miaka 50. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini umri huo ulikuwa umekaribia 60. Miaka kumi ya ziada ndani ya kizazi kimoja si mchezo. Chanjo zilisaidia, shule zilisaidia, hasa kina mama waliosoma, na maji safi pale yalipofika. Ila pia mtu alikuwa anaenda kliniki mapema, kwa sababu kwenda hakukuwa na bei.

Tatizo ni kwamba nchi iliyoandikiwa huduma hiyo ilikuwa na watu milioni 8.6 kwenye sensa ya 1962, na sensa ya 1989 ilihesabu milioni 21.4. Katikati kulikuwa na bei ya mafuta kupanda mara mbili, mwaka wa 1973 na 1979, na kahawa iliyolipa vizuri ajabu mwaka wa 1977 halafu ikaanguka. Pesa zikaisha. Nikisema zimeisha sisahau zile zilizoibwa, lakini hata mhasibu mwaminifu angetoka jasho.

Hapo ndipo wakopeshaji wakaingia na dawa yao. Mwaka wa 1987 Benki ya Dunia ilichapisha mwongozo wa namna nchi maskini zigharamie afya, na pendekezo la kwanza lilikuwa mgonjwa alipe kitu. Hoja zenyewe hazikuwa za kijinga, na tuzisikilize kwa haki. Ukilipa kidogo, kituo kinapata pesa za dawa na glavu bila kungoja Nairobi. Ukilipa kidogo, hutaenda hospitali kwa kila kikohozi. Ukilipa kidogo, utaheshimu unachopewa, kwa sababu cha bure hakithaminiwi. Hoja hii ya mwisho bado iko hai, utaisikia kwenye matatu yoyote.

Tarehe 1 Desemba 1989 ada zikarudi. Kituo cha afya, shilingi 10. Hospitali ya wilaya au ya mkoa, shilingi 20. Mpango uliitwa kugawana gharama, jina tamu kama la mwaliko wa chakula. Katika pesa zilizokusanywa, robo tatu zingebaki palepale kituoni na robo ingeenda kwa kinga na afya ya msingi ya wilaya. Kwenye karatasi ilionekana safi.

Sasa nirudi kwa risiti ya Mama.

Kaka yangu alikuwa na miaka minane. Sikio la kushoto lilianza kumuuma wiki ya pili ya Januari, usiku, na asubuhi mto ukawa na usaha. Mama alikuwa anafua nguo za watu, Baba alikuwa kibarua wa mjengo na mjengo ulikuwa umesimama. Miezi miwili kabla ya hapo angemfunga mtoto leso kichwani akatembea naye hadi kituo cha afya. Mwezi huo alisita. Jirani alimwambia atie mafuta ya moto, na mafuta yakatiwa. Kulikuwa na jirani mwingine aliyekuwa na vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine. Vikamezwa.

Nilimuuliza, kwani ashu ilikuwa pesa ngapi wakati huo, Mama, kweli ilikushinda?

Hakukasirika. Alisema haikuwa pesa nyingi, ndiyo ubaya wake. Kama ingekuwa elfu angejua haiwezekani, angeenda kulia kwa mjomba wake, wangechanga. Lakini ashu ni mboga ya jioni. Kila asubuhi ilikuwa ni kuchagua kati ya sikio na sufuria, na kila asubuhi sikio lilionekana kama linaweza kungoja siku moja. Lilingoja wiki tatu. Walipofika, alilipa, akapewa risiti, akaonana na klinika ofisa, akaandikiwa dawa, na dawa hazikuwepo. Aliambiwa akanunue nje. Kakangu hasikii na sikio hilo mpaka leo.

Nilikuwa nadhani hicho ni kisa chetu, kisa cha nyumba moja isiyo na bahati. Halafu nikasoma.

Mwanauchumi Germano Mwabu na wenzake walifuatilia vituo vya serikali katika kipindi hicho. Baada ya ada kuanza, waliohudhuria walipungua kwa karibu nusu. Soma tena sentensi hiyo polepole. Malaria haikupungua nusu Desemba ile. Masikio hayakuacha kuuma. Kilichopungua ni watu mbele ya dirisha. Wengine walienda misheni, wengine kwa duka la dawa, na wengi walifanya kama Mama, wakangoja.

Kuna utafiti mwingine wa Nairobi, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 1992, ambao ukinishika usiku nakosa usingizi. Ulihusu kliniki ya jiji ya magonjwa ya zinaa. Katika miezi tisa ya ada, wastani wa wanaume waliokuja kwa mwezi ulishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali. Wanawake walishuka hadi asilimia 65. Kumbuka ni mwaka gani. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi Kenya alitambuliwa 1984. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi na wanawake wa Pumwani, hapahapa Nairobi, walikuwa wameshaanza kuonyesha kwamba mtu mwenye kidonda cha zinaa kisichotibiwa huambukizwa virusi kwa urahisi zaidi. Yaani wakati hasa nchi ilipohitaji kila mwenye kisonono na kaswende aingie kliniki leo, si kesho, ilisimamisha mtu mlangoni na kumwitisha pesa.

Hakuna anayeweza kuhesabu ni wangapi waliambukizwa kwa sababu hiyo, na sitajifanya naweza. Lakini kuna nambari moja zaidi katika utafiti ule. Ada ilipofutwa, wanawake walirudi, wakapita hata idadi ya zamani kwa asilimia 22. Wanaume hawakurudi hivyo. Walifika asilimia 64 tu. Ukimzoesha mtu kukaa nyumbani na aibu yake, dirisha likifunguliwa bure haimaanishi atakuja mbio.

Ada ilifutwa kwa sababu hata Nyayo aliona. Septemba 1990 Moi aliisimamisha kwa amri, na katika miezi saba iliyofuata mahudhurio ya vituo vya afya yakapanda kwa asilimia 41. Jaribio lilikuwa limekamilika. Umeweka bei, watu wamepotea. Umeondoa bei, watu wamerudi. Mwanafunzi wa sayansi wa kidato cha pili angeandika hitimisho lake hapo akafunga daftari.

Baada ya takriban miezi 20 ada zikarudishwa, awamu kwa awamu, zikianza na hospitali kubwa. Safari hii hukulipia kujiandikisha, ulilipia matibabu, ili angalau usilipe na kuondoka mikono mitupu kama mamangu. Ni maboresho, sikatai. Ila mlango ulikuwa umewekewa bei tena, na ndani ya miaka hiyo ya tisini ndimo nchi ilianza kurudi nyuma. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 1998 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kufikisha miaka mitano. Ule wa 2003, 115. Ukimwi ulikuwa sababu kubwa, na serikali ilikuja kuutangaza janga la kitaifa mwishoni mwa 1999. Klorokwini ilikuwa imeshindwa na malaria. Siwezi kutwisha dirisha mzigo wote. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokuwa inazama iliongeza kiingilio kwenye boti.

Kutoka hapo ilikuwaje? Hadithi ninayoipenda ni ya chandarua.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, chandarua chenye dawa kiliuzwa. Cha dukani kilikuwa ghali, cha ruzuku ulipata kliniki kwa shilingi 50. Katika wilaya nne zilizofuatiliwa na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, mwaka wa 2004 ni takriban asilimia 7 tu ya watoto waliolala chini ya chandarua cha dawa. Mwaka wa 2006 serikali iliunganisha ugawaji wa bure na kampeni ya chanjo ya surua, na vyandarua zaidi ya milioni 3 vikatolewa. Asilimia ikapanda hadi 67. Muhimu zaidi, mtoto wa nyumba maskini sasa alikuwa na nafasi karibu sawa na ya mtoto wa nyumba yenye uwezo. Katika wilaya hizohizo, watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 44 hivi.

Bado wako waliosema, sawa, wamepewa bure, lakini wataenda kuvulia samaki. Mwaka wa 2007 Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakaamua kupima badala ya kubishana. Kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, chandarua kilekile kilitolewa kwa bei tofauti: kwingine bure, kwingine shilingi 10, 20 au 40. Pale pa bure karibu kila mama alichukua. Pale pa shilingi 40, idadi ilianguka kwa alama 60 za asilimia. Na walipofuatilia manyumbani, waliopewa bure walivitundika na kuvitumia kama walionunua. Hakukuwa na dharau yoyote kwa cha bure. Mama mjamzito anajua mbu ni nini bila kutozwa ndipo aelewe.

Hizo bei tena. Ashu. Mbao. Mbao mbili. Kiasi ambacho wewe na mimi tunaachia konda tukiwa na haraka.

Dirisha lenyewe nalo likaanza kulegea. Julai 2004, Charity Ngilu akiwa waziri wa afya, ada zikapunguzwa: zahanati shilingi 10, kituo cha afya shilingi 20, bei ya bapa kwa kila mtu. Watafiti walipozunguka baadaye, Kwale na Makueni, walikuta vituo vingi vikitoza zaidi, kwani umeme na kibarua wa kufagia havilipwi kwa sera. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya jamii kwa wote, na Kibaki akakataa kuutia sahihi. Tarehe 1 Juni 2013 kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma, na zahanati na vituo vya afya vikaacha kutoza kabisa. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ikaamua kwamba akina mama waliokuwa wamezuiliwa Pumwani kwa sababu ya bili walikuwa wamevunjiwa haki zao. Kwamba hilo lilihitaji jaji kusema ni jambo ambalo sijui nilifanyie nini.

Vifo vya watoto kwa hesabu ileile: 74 katika utafiti wa 2008 na 2009. Halafu 52 mwaka wa 2014. Halafu 41 mwaka wa 2022. Ndani ya umri wa mtu aliyezaliwa 2003, ambaye labda ndiye anayesoma hapa kwenye simu, hatari ya mtoto kufa kabla ya miaka mitano imeshuka hadi karibu theluthi ya ilivyokuwa. Vyandarua vimo ndani ya nambari hiyo, na chanjo, na dawa za kupunguza makali ambazo kufikia 2006 zilitolewa bure hospitali za serikali. Ukitazama vizuri, mengi yaliyotuokoa yana sifa moja: hayakupitia dirishani.

Tangu 1 Oktoba 2024 tuna SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, yaani wengi wetu, anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, kisha mfumo unamkadiria, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi. Zahanati na kituo cha afya ukishajisajili hulipi. Hospitali kubwa, lazima mchango wako uwe umelipwa, na kwa watu wa jua kali umekuwa ukitakiwa wa mwaka mzima kwa mpigo. Ninaelewa mantiki ya bima: wazima wawabebe wagonjwa. Pia ninaelewa kwamba mtu anayepata pesa kwa siku haoni mwaka. Anaona siku. Mama alinifundisha hilo kwa risiti.

Mwaka jana nilimsindikiza kakangu. Sasa ana arobaini na kitu, ni fundi wa kuchomelea, na presha ilikuwa imempanda hadi zahanati wakamwandikia aende hospitali ya kaunti. Tulipanga laini tangu saa kumi na mbili asubuhi. Mbele yetu shosho mmoja alikuwa ameshika daftari jipya na kitambulisho, akivisugua kama anavipasha moto. Ilipofika zamu yetu kakangu alifanya kile anachofanya kila mahali, benki, kanisani, kwa matatu. Aligeuza kichwa, akasogeza sikio la kulia hadi kwenye tundu la kioo.

Msichana wa ndani aligonga kompyuta, akataja nambari.

"Umesema ngapi, siz?"

"Elfu sita, mia moja na ishirini. Ya mwaka. Unaweza lipa na simu."

Akanyamaza. Nilimwona akihesabu, na nikajua ni hesabu gani, kwa sababu ni ya Mama. Kisha akamshukuru, akatoka kwenye laini, akaniambia kwamba kichwa kimepoa kidogo, labda tukuje wiki ijayo.